Malaria Niliyojiandikia Mwenyewe

Mwaka ule nilijitibu malaria mara nne kati ya mwezi wa pili na wa tano, na mara zote nne sikuwa na malaria. Kadi niliandika mwenyewe, vidonge nilijihesabia mwenyewe. Klorokwini ikaniwasha mwili mzima kama inavyowawasha wengine, nikajikuna hadi damu, na kwa siri nikafurahi, maana kuwashwa angalau ni kitu unachoweza kumweleza mtu. Ukitaka kuficha ugonjwa huku kwetu, uite malaria. Hakuna atakayekuuliza la pili.

Haya nawaandikia wenzangu wa kazi: wauguzi, wakunga, waganga wa zahanati, na wahudumu wanaofuta damu ya wagonjwa wetu na kuchemsha sindano zetu. Ugonjwa niliougua, siku hizi una jina, wanauita sonona, na unatajwa hata redioni. Mimi chuoni nilifundishwa ukurasa mmoja na nusu juu yake, nikajibu swali lake kwenye mtihani, nikapata alama zote. Ulipokuja kwangu sikuutambua. Nitaeleza jinsi nilivyokaribia kujiua, nani aliyenizuia na alinizuiaje. Nilichokuwa nimepanga kufanya sitakieleza, maana hakimsaidii mtu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, Mkristo. Serikali ilinileta Rufiji nikiwa kijana, mganga msaidizi, nikawekwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa delta. Kiangazi ni nusu siku kwa baiskeli kutoka Kibiti. Masika baiskeli unaiacha kwa watu unapanda mtumbwi. Mke wangu Veronika, ambaye namwita Mama Anjela, alikuwa mwalimu Ikwiriri na alikaa huko na watoto wetu wawili kwa ajili ya shule. Tulionana mwisho wa mwezi, barabara ikikubali.

Zahanati tulianza watatu. Kisha ikaja ile miaka ambayo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na hospitali za watu binafsi zimeruhusiwa, zinaota Dar es Salaam kama uyoga. Mkunga wetu akapata kazi huko, akatuaga vizuri, na simlaumu. Wa kushika nafasi yake hakuletwa. Nikabaki mimi na Bi Siwatu, mhudumu.

Bi Siwatu alikuwa Mndengereko wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye mwendo wa kuvuta mguu wa kushoto. Kusoma alisoma kidogo, lakini kila chupa ya dawa aliijua kwa kifuniko chake. Na alikuwa mtani wangu. Watu wa pwani na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka na misafara, na yeye utani huo aliushika kama sala. Asubuhi alinisalimia kwa salamu ya kwetu, "Mwangaluka, mbeba mizigo," nami namwita mla kamba. Asali yangu ikifika kutoka Tabora, ananyang'anya nusu. Mwavuli wangu alitembea nao masika mawili. Mtani akichukua kitu chako huwezi kukasirika. Unamtukana, anakutukana, watu wanacheka, na ukikitaka unakikomboa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule mvua zilikataa kukatika. Saa nne asubuhi mtumbwi ulileta mama aliyejifungua njiani, anatoka damu. Nilifanya nilichojua, kisha nikafanya nilichowahi kusoma tu. Alihitaji damu na alihitaji hospitali, na vyote viwili vilikuwa ng'ambo ya maji. Adhuhuri akanifia mikononi. Bi Siwatu akamfumba macho, mimi nikaenda kunawa, nikanawa muda mrefu.

Baada ya arobaini mumewe alikuja na kikapu cha mchele. Akasema, "Dokta, ulijitahidi. Mungu akulipe." Akakaa kidogo, akaenda zake. Angenitukana ningepata pa kuegemea. Ule mchele sikuweza kuupika wala kuutoa. Ulikaa jikoni hadi ukaingia wadudu, na kila nilipoupita nilijisemea kwamba kijiji hiki kingekuwa na mganga mwingine, mama yule angekuwa ananyonyesha.

Hapo ndipo nilipojiandikia malaria ya kwanza. Sababu zilikuwepo: mwili mzito, kichwa, chakula hakipandi. Wali ulikuwa kama pamba mdomoni. Mshipi wangu ulihama matundu matatu, la nne nikalitoboa kwa msumari. Mwandiko wangu ukaanza kuwa mdogo, kila wiki mdogo zaidi, mpaka Bi Siwatu akauliza kama wino umepanda bei. Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri na kukaa kitandani nikiogopa kupambazuka. Wagonjwa niliendelea kuwaona wote. Hilo ndilo linalotudanganya sisi, kwamba ukiweza kumshona mtu kidonda sawasawa basi wewe ni mzima.

Mama Anjela alipokuja mwisho wa mwezi aliniuliza nina nini. Nikamwonyesha kadi. Alikuwa mke wa mganga, afanye nini? Akaniamini.

Malaria ya nne ilipokwisha nikapata utulivu. Wenzangu, uogopeni utulivu huu. Nilikuwa nimeshaamua, na kuamua kulinipumzisha. Nikafua koti. Nikapanga kadi za wagonjwa wa kifua kikuu kwa majina ili atakayenifuata asisumbuke. Nikamwandikia Mama Anjela barua na kuificha ndani ya Biblia. Halafu siku ya Jumatano, tulipofunga zahanati, nikachukua redio yangu ya betri, kitu nilichokipenda kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikampa Bi Siwatu.

"Chukua," nikamwambia. "Iwe yako."

Aliitazama redio, akanitazama mimi. Aliiweka kwenye benchi la wagonjwa, akaenda kwao.

Kesho yake aliwahi kuja kuliko siku zote. Alinikuta nimekaa kwenye benchi lilelile, redio pembeni, wagonjwa bado hawajafika. Akakaa upande wa pili wa redio.

"Dokta."

"Naam, Bi Siwatu."

"Redio yako sikuichukua."

"Nimeiona. Kwa nini?"

"Mie na weye watani. Mtani hapewi, mtani hunyang'anya. Miaka sita nakunyang'anya vitu na weye wanitukana mpaka Mama Anjela anaona haya. Jana umenipa kwa mikono miwili. Mtu hutoa vile akiwa anahama. Na uhamisho ungekuja, mie ningejua kabla yako."

Nikamwambia nimechoka tu. Nikamwambia malaria.

"Malaria hiyo haina nyumba nyingine ya kulala ila yako?" Kisha akauliza, kwa sauti ileile anayoniulizia kama maji ya kuchemshia sindano yanatosha, "Dokta, unataka kujiua?"

Nilikuwa nimesikia watu wakisema, na mimi nilikuwa nikisema vilevile, kwamba swali hilo haliulizwi, utamtia mtu wazo. Wazo nilikuwa nalo tayari, miezi mitatu nililala nalo na kuamka nalo peke yangu. Swali lile lilikuwa kama mtu amekuja kukushika upande wa pili wa gunia ulilojitwisha. Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yakanitoka, na mbele ya mwanamke aliyenizidi umri nililia kama mtoto.

Hakupiga kelele wala kunitajia dhambi. "Lini?" akauliza.

"Jumapili."

"Leo Alhamisi," akasema. "Haya."

Akanyoosha mkono mfukoni mwa koti langu, akatoa funguo za kabati la dawa, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. "Hizi nimekunyang'anya. Ukizitaka utazikomboa kwa mbuzi, na mbuzi huna." Alisimama, akaketi tena. "Na jambo jingine. Ukifa ni mie mtani nitakayekuigiza msibani. Mwendo wako bado sijaushika. Ntawaonyesha nini watu? Tena msimu wa ndege, mpunga unanisubiri. Hunitakii mema."

Nikacheka. Kicheko kilitoka kibaya, na makamasi, lakini kilitoka.

Wagonjwa walipofika alisimama mlangoni akawaambia, "Dokta anaumwa. Mwenye homa na mwenye kidonda nitamtazama mie. Mwenye shida kubwa aende Kibiti." Hakusema malaria. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule neno la kweli kusemwa juu yangu.

Akatuma mtu Ikwiriri kumwita Mama Anjela, na kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu ilichukua siku tatu. Hizo siku tatu Bi Siwatu alinihamishia shambani kwake. Mpunga ukitia maziwa, watu wa huku huhama kijijini wakakaa madunguni, vile vibanda vilivyoinuliwa kwa miti katikati ya shamba, ili kuamia ndege wasimalize mpunga. Unakaa juu, una kombeo na kamba za makopo, na tangu kunapopambazuka hadi jua linapozama unapiga kelele. Alinipa upande wa magharibi. "Kwelea wakishuka, vuta kamba. Ukisinzia watoto wangu watakula majani." Nilivuta kamba. Mtoto wake mkubwa na mkewe walikaa nasi, na sikuachwa peke yangu hata kwenda msalani. Kila nilipoteremka, mmoja wao naye alikumbuka haja yake. Walinipa pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa. Nikautafuna bila kuonja kitu. Jumapili ikaja na kupita mimi nikifukuza ndege, na sauti imenikauka kabisa.

Mama Anjela alifika Jumapili hiyohiyo alasiri, miguu ina matope mpaka magotini. Alikuwa ameshapita nyumbani na kuiona Biblia. Alipanda dungu akakaa mbele yangu.

"Baba Anjela, uliniandikia barua," akasema. "Ya kuniaga uliweza kuiandika. Ya kuniita ilikushinda?"

Nikavuta kamba ya makopo, ingawa ndege hawakuwa wameshuka.

Tulikwenda kwanza kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi toka asubuhi, mimi nikiinamisha uso nisitambuliwe. Mwishowe mwenzangu mmoja aliyenifahamu akanitoa kwenye foleni, akatukalisha chumbani kwake, mimi na Mama Anjela, kwa heshima. Akaniuliza, "Mwenzetu, unadhani ni nini?" Nami, wallahi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamjibu: malaria sugu. Akaanza kuandika. Sisi ndivyo tulivyo, tunaulizana wenyewe ugonjwa wetu kama vile tunachagua kitambaa. Ilikuwa malaria ya tano.

Mama Anjela alisimama. "Mume wangu alitaka kujiua," akasema, na mlango ulikuwa wazi. Benchi zima la nje likageuka kututazama.

Nilimchukia kwa maneno yale. Nasema ukweli. Ilinichukua miezi kumsamehe kwa kosa la kuniokoa, na miezi hiyo aliimeza kimya, akinipikia na kufundisha madarasa mawili. Lakini kalamu ya yule mwenzangu ilisimama. Aliichana kadi, akaandika nyingine ya kutupeleka Dar es Salaam.

Huko nako benchi. Pembeni yangu alikaa mwanamume aliyeiweka kadi yake chini ya paja, kama nilivyoiweka yangu. Tulitazamana. Tulisoma naye chuo kimoja, alikuwa wa kwanza darasani miaka yote.

"Umeleta mgonjwa?" akaniuliza.

"Nimemleta," nikamwambia. "Ni mimi."

Akatazama sakafu, kisha akasema polepole, "Na mimi wangu ni huyuhuyu." Tulishikana mikono tukaachiana muuguzi alipoita. Miaka mitatu baadaye nilisikia amefariki. Walioleta habari walisema malaria. Sikuuliza zaidi, ila nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka Mama Anjela akanifuata. Laiti ningekuwa nimemwandikia hata barua moja baada ya siku ile ya benchi. Hilo ninalo, na nitazikwa nalo.

Daktari aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Nilipoanza kumweleza dalili kwa maneno ya kitabu, alinyoosha mkono akaitoa kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu, akaiweka upande wake wa meza. "Humu ndani ninayeandika ni mimi," akasema. "Wewe sema tu nini kinauma." Nilizungumza saa nzima. Nilimweleza hata ule mchele.

Vidonge alivyonipa vilinikausha mdomo, vikanifunga choo, vikanilaza. Mwezi wa kwanza sikuona nafuu yoyote zaidi ya usingizi, na usingizi peke yake ni rehema kubwa kwa asiyelala. Tulikaa Ikwiriri kwenye nyumba ya walimu. Mama Anjela alishika dawa, akinipa kimoja jioni na kusubiri nimeze. Kaka yangu alifika kutoka Sikonge akisema nimerogwa na hawa watu wa maji wa Rufiji, turudi nyumbani nikatazamwe. Wakagombana na mke wangu hadi majirani wakaja. Binti yetu Anjela, wakati ule mwenye miaka tisa, aliniuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Nikatafuta mahali pa kumwonyesha, nikakosa.

Kila mwezi tulikwenda Dar es Salaam. Mpunga ulivunwa, upepo wa kipupwe ukaja, ufuta ukajaza maghala ya mjini, nami nikaanza kunyoa ndevu bila kuambiwa. Vuli ilipoanza nikajiona mzima. Nikaacha dawa. Ndiyo, mimi, niliyewafokea wagonjwa wa kifua miaka sita kwa kuacha dawa. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimerudi kulekule, asubuhi naogopa kupambazuka. Safari hii nilimwamsha Mama Anjela nikamwambia maneno yaleyale mawili aliyoyasema Bi Siwatu, nikayageuza yawe yangu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili, na mimi naihesabu kuwa ndiyo kupona kwenyewe.

Nilirudi kazini mwaka uliofuata, ndege walipokuwa wameanza kushuka tena. Safari hii nilipewa muuguzi wa kunisaidia. Bi Siwatu alinipokea mlangoni. "Mwangaluka, mbeba mizigo. Umenenepa, utabeba nyingi." Funguo zilikuwa pindoni. Kila asubuhi alifungua kabati, nikamwambia kifuniko cha rangi gani, akatoa, akafunga. Mwaka mzima. Muuguzi alidhani ni utaratibu wa wizara. Siku moja Bi Siwatu aliniletea pepeta kwenye kibakuli, nikatia mdomoni huku naandika, nikasimamisha kalamu. Ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kuna moshi. Nilikula yote. Yeye alitazama dirishani akajifanya anahesabu kuku.

Funguo hakunirudishia kamwe. Nilimwambia mara kadhaa kwamba sasa ningeweza kumnunua mbuzi. "Weka mbuzi wako," alijibu. "Mie mgongo mzima, pindo zima, nitachoka na nini?" Alipostaafu alimkabidhi muuguzi mbele yangu, na mimi nilikubali.

Bi Siwatu alifariki masika yaliyopita, kwa uzee, mikononi mwa wanawe. Nilikwenda. Kabla ya jeneza kutoka, mtani ana kazi yake, na kazi ile ilikuwa yangu. Nikajifunga kanga yake, nikatia funguo za nyumba yangu pindoni, mafundo mawili, nikapita katikati ya waombolezaji navuta mguu wa kushoto. Nikawaita Wanyamwezi wote wabeba mizigo, nikamnyang'anya mwenyekiti wa kijiji mwavuli. Watu walicheka huku wanalia. Yule mwanawe mkubwa, tuliyeamia naye ndege, akaja kuikomboa njia kama desturi ilivyo: "Mtani, unataka nini utuachie tumzike?"

Nikasema nataka kanga.

Ninayo. Imechakaa, pindo moja limekunjamana halinyooki tena. Siku hizi nazunguka zahanati za wilaya kusimamia vijana, na mara kwa mara ninamkuta mmoja, mzuri wa kazi, ananiambia amedhoofika kidogo, ni malaria tu, amejitibu, hii ni ya tatu. Ninamwomba kalamu yake. Ninakaa naye kwenye benchi la wagonjwa, na kwa sauti ya kuulizia maji ya sindano namuuliza kama anataka kujiua. Kisha nanyamaza, namsubiri anijibu.